Farumi, Kalafati na Kiraka

Agosti 13, 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa nchi kavu. Ilikuwa imevutwa juu ya chelezo pale Liuli, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa, mahali walipopaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba unaofanana na ile sanamu kubwa ya Misri. Tumbo la meli liko wazi, matengenezo yanaendelea. Ndipo ikajitokeza Gwendolen, meli ya Waingereza wa Nyasaland, ikafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, na nahodha wa Kiingereza, Rhoades, walikuwa marafiki wa glasi na meza. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia mashua ndogo, akapiga makasia hadi ubavuni mwa Gwendolen huku akifoka, akimwuliza mwenzake kama amelewa. Habari za vita ya Ulaya zilikuwa hazijamfikia. Akaambiwa, kisha akashikwa mateka.

Kule London habari hiyo ikapambwa kuwa ushindi wa majini. Ushindi juu ya meli iliyolala juu ya magogo! Kisa hiki hupendwa na waandishi wa vita kwa ajili ya ule mzaha wa marafiki wawili, na mzaha ni mtamu kweli. Lakini jambo la maana zaidi limejificha kwenye lile neno chelezo. Chombo kikubwa kuliko vyote walivyokuwa navyo Wajerumani ziwani kilinaswa kwa sababu kilikuwa kwa fundi. Na vyombo vya Ziwa Nyasa, tangu mtumbwi wa mti mmoja hadi meli ya chuma, vimetumia sehemu kubwa ya maisha yao kwa fundi, kwa shida mbili zisizokwisha: maji yanayoingia pasipotakiwa, na uzito unaokosekana panapotakiwa.

Tukuyu ina haki ya kuisimulia historia hii, ingawa imekaa mlimani, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa ziwa. Mji huu ni mtoto wa ile meli. Fedha za kuiunda Wissmann zilichangwa na watu wa Ujerumani kwa hoja ya kupiga vita biashara ya watumwa. Meli ikafunguliwa vipande, ikapitishwa Mto Zambezi na Mto Shire, msafara ukiongozwa na Hermann von Wissmann mwenyewe, ikaelea ziwani mwaka 1893. Meli haina maana bila kituo. Kikajengwa Lumbila, chini ya Milima ya Livingstone, kikapewa jina la Langenburg kwa heshima ya Mwanamfalme Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa kiongozi wa Jumuiya ya Kikoloni ya Kijerumani. Palikuwa pahali pabaya pa kuishi: mlima unashuka moja kwa moja majini, joto kali, homa. Karibu mwaka 1900 utawala ukapandishwa kwenye vilima vya Rungwe vyenye baridi na ukungu, na jina likapanda pamoja nao. Hivyo Tukuyu ikaitwa Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, mji wa migomba uliobeba jina la bandari mpaka Mei 1916, majeshi ya Jenerali Edward Northey yalipouteka. Jina likafutika, boma likabaki.

Na wilaya yenyewe ilishuka hadi majini. Kyela ya leo ilikuwa sehemu ya Rungwe kwa miongo mingi, kwa hiyo mkuu wa wilaya aliyekaa Tukuyu ndiye aliyeangalia pia mitumbwi ya Matema na gati la Mwaya.

*

Kabla ya chuma palikuwa na mbao, na kabla ya mbao palikuwa na gogo. Mtumbwi wa kuchonga hauna maungio, nao ndio ubora wake mkubwa: pasipo na mshono hapana pa kuvuja. Udhaifu wake ni ufa. Mti huchongwa ungali na unyevu; ukianikwa juani kwa wiki kadhaa hupasuka kwa kufuata nyuzi zake, kuanzia kichwani mwa gogo. Ndiyo maana mwenye mtumbwi asiyevua kwa muda huuacha nusu ndani ya maji, au hulaza majani mabichi juu yake. Mgeni hudhani ni uzembe. Ufa ukishatokea, huzibwa kwa chochote kilichopo: kitambaa au pamba iliyolowekwa lami, kisha kipande cha bati juu yake, misumari midogo ikipigwa karibu karibu kuzunguka ukingo. Mtumbwi mzee huonekana kama suruali ya mkulima, kiraka juu ya kiraka.

Jahazi lililetwa na watu wa pwani. David Livingstone alipofika Nkhotakota mwaka 1863 aliwakuta Waarabu wawili wakiunda jahazi jipya badala ya lile lililovunjika wakati wa kuvuka ziwa. Pamoja na jahazi, biashara ya pembe na ya binadamu ilivuka Nyasa kwa miongo mingi, na hilo halifai kufichwa nyuma ya sifa za ufundi. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa mkubwa, na ulikuja na msamiati wake kamili.

Neno la kwanza ni kalafati. Ni neno la bandari, limesafiri kama baharia: Mwarabu ana qalfata, Mreno ana calafate, Mswahili ana kalafati, na wote wanazungumzia kazi ile ile. Fundi huchukua nyuzi za pamba, akazilowesha mafuta, akazisokota kuwa kamba laini. Kamba hiyo huilaza kwenye mwanya kati ya ubao na ubao, akaisukuma ndani kwa chembeu na nyundo, pigo moja moja, bila haraka. Masikio ndiyo yanayofanya kazi hapo. Pamba ikiwa haijajaa, pigo hutoa mlio wa uwazi. Ikijaa, mlio hubadilika, ukawa mkavu na mfupi. Fundi akipitiliza, pamba hutanua mwanya na kulegeza misumari, na jahazi litavuja kuliko lilivyokuwa likivuja asubuhi. Mbao nazo, zikishashuka majini, hunywa maji, huvimba na kuibana ile pamba. Jahazi lililokaa sana nchi kavu huvuja siku mbili za mwanzo hata kama kalafati yake ni ya fundi bora, kisha hujifunga lenyewe.

Pwani, chini ya mstari wa maji, chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama, na sehemu ya juu hupakwa sifa, mafuta ya ini la papa yenye harufu isiyosahaulika. Deheni ni dawa dhidi ya mdudu wa baharini atoboaye mbao. Nyasa ni ziwa la maji baridi na mdudu huyo hayumo, hivyo fundi wa pwani aliyehamia huku alipumzishwa kazi moja kati ya kazi zake za kila msimu.

Hata hivyo hakuna chombo cha mbao kilicho kikavu kabisa. Maji yanayojikusanya chini kabisa ya tumbo la chombo huitwa maji ya ngama, na kifaa cha kuyatolea ni upo. Mtepe wa Lamu, ule uliokuwa ukishonwa kwa kamba za nazi badala ya kupigiliwa misumari, ulivuja kwa asili yake. Kufua maji ilikuwa zamu ya kazi kama kushika usukani, usiku na mchana, na hakuna aliyeona aibu. Mitepe ilidumu hivyo kwa karne nyingi hadi ilipotoweka katika karne ya 20. Kwa mabaharia wale, chombo kibovu hakikuwa kile kinachovuja. Kilikuwa kile kinachovuja kasi kuliko mkono wa mfuaji.

*

Chuma kilipoingia Nyasa kilikuja kikiwa juu ya vichwa vya watu. Ilala, meli ya kwanza ya mvuke ziwani, iliundwa Uingereza kwa vipande vilivyokusudiwa kubebeka. Ilipofika kwenye maporomoko ya Murchison ya Mto Shire ilifunguliwa, wapagazi kwa mamia wakaibeba kupita maporomoko, ikaunganishwa tena na kuingia ziwani Oktoba 1875. Iliitwa kwa jina la mahali alipofia Livingstone. Wissmann nayo ilipita njia hiyo hiyo. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin waliofungua vituo vyao Rungwe na Unyakyusa mwaka 1891 walikuja pia kwa njia ya maji hayo, wao na misumari yao, vioo vyao na vitabu vyao.

Sasa litazame jambo hili kwa jicho la fundi. Bamba moja la chuma halivuji. Lakini meli inayobebwa kichwani haiwezi kuwa ya mabamba makubwa. Ni lazima iwe ya vipande vidogo vingi, na kila penye kipande na kipande pana safu ya ribiti. Kadiri njia ya mizigo ilivyokuwa mbaya, ndivyo vipande vilivyozidi kuwa vidogo, na ndivyo maungio yalivyoongezeka. Maporomoko ya Shire, kwa njia hiyo, yaliandikwa kwenye ubavu wa kila meli ya Nyasa.

Ribiti hutiwa ikiwa nyekundu kwa moto. Mmoja huitoa kwenye makaa kwa koleo, wa pili huisukuma tunduni na kuikandamiza kwa nyundo nzito upande wa ndani, wa tatu hugonga upande wa nje mpaka kichwa kifinyangike. Ikipoa hunywea, na kwa kunywea huyavuta mabamba mawili yakashikana kuliko mkono wowote ungeweza. Baada ya hapo fundi hupitisha patasi butu kwenye ukingo wa bamba la juu, akiugonga ukalie bamba la chini bila nafasi. Nayo ni kalafati, ila ni chuma kwa chuma, bila pamba. Ribiti iliyolegea haihitaji kutafutwa kwa taa. Hutoa chozi la kutu, mstari mwekundu unaoteremka ubavuni. Tatizo ni kwamba machozi ya chini ya mstari wa maji hayaonekani mpaka meli ipande chelezo. Ndivyo Berndt alivyokutwa na mzinga akiwa hana pa kukimbilia. Wakati mmoja katika vita meli huwa haina uwezo hata wa kuzama, nao ni wakati ule ikiwa juu ya magogo. Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na kuiharibu.

Zamani hizo hizo, upande wa Kigoma, Wajerumani walionyesha ustadi wa aina nyingine. Meli yao ya Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Papenburg katika maelfu ya makasha na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915, ilizamishwa na mafundi wake wenyewe Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui. Kwanza walizipaka mashine grisi nzito, kisha wakaijaza mchanga ili itulie chini bila kubingirika. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta mashine nzima, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mchanga ule ulikuwa farumi ya mwisho ya Götzen. Safari hiyo uzito haukuwekwa ili meli ielee vizuri, bali ili izame vizuri.

*

Farumi ni neno linalopatikana siku hizi kwenye kamusi kuliko midomoni, na ni hasara. Ni uzito unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ili kisiyumbe. Jahazi lililoshusha mizigo yake yote huelea juu mno, tanga likipata upepo linapinduka. Basi hujazwa mawe au mchanga mpaka lipate shehena nyingine. Ni kazi ya kuchosha: mawe hupakiwa kwa mikono, hupakuliwa kwa mikono, na hayauziki popote.

Wenye meli za makaa ya mawe wa kaskazini mwa Uingereza ndio waliochoka kabla ya wengine. Meli zao zilipeleka makaa London na kurudi tupu, na kila safari ya kurudi ilikuwa na gharama ya mchanga. Mwaka 1852 ilishushwa John Bowes, meli ya mvuke ya Charles Mark Palmer, iliyotumia maji kama farumi: fungua bomba yaingie, piga pampu yatoke. Katika miaka hiyo kulifanyika pia majaribio ya mifuko isiyopitisha maji, iliyolazwa sakafuni mwa meli na kujazwa. Mifuko ikashindwa na matangi ya chuma. Kitambaa hulika kinaposuguana na mbao na misumari, na mfuko uliotoboka ndani ya meli ni balaa maradufu: uzito umetoka mahali pake na sasa unatembea.

Hilo la kutembea ndilo linaloua. Maji yaliyofungwa ndani ya tangi lililojaa pomoni ni kama jiwe, hayaendi kokote. Maji yaliyo huru hukimbilia upande ule ule ambao chombo kimeinamia, yakauzidishia mwinamo, na mwinamo ukayaita maji zaidi. Mpishi aliyewahi kubeba sinia pana lenye mchuzi anajua habari hii kwa mikono yake. Julai 30, 1946, MV Vipya, meli iliyokuwa katika safari zake za mwanzo kabisa, ilipinduka katika mawimbi makubwa upande wa magharibi wa Nyasa, karibu na Chilumba, na watu 145 wakafa maji. Ziwa hili lina upepo wa kusini, wengi huuita mwera, ambao kuanzia Mei husukuma maji kwa urefu wa ziwa zima, zaidi ya kilomita 500, na mawimbi yake huja kumalizia hasira Matema na Itungi.

Kuna tundu moja ambalo halitasahaulika Tanzania, nalo halikuingiza maji. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, ilibaki ikielea tumbo juu, ikishikiliwa na hewa iliyonaswa ndani pamoja na watu. Waokoaji walitoboa bamba ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikazama na mamia ya abiria. Kila fundi wa vyombo anajua kwamba kinachoelea hakishikiliwi na chuma bali na hewa iliyofungwa; siku ile nchi nzima ililijua hilo kwa mara moja.

*

Mifuko ya farumi ilirejea baada ya zaidi ya miaka 100, na ilirejea kwa ajili ya mchezo. Katikati ya miaka ya 1980 huko Marekani vijana walianza kuvutwa na boti wakiwa wamesimama juu ya ubao mmoja, wakirukia wimbi linaloachwa nyuma na boti. Ubao ukabadilika, mchezo ukapata jina la wakeboarding, na wachezaji wakagundua siri ya zamani: boti nzito hukaa chini zaidi majini na kuacha wimbi kubwa zaidi. Mwanzoni walibeba marafiki wanene na magunia ya mchanga. Kisha ikaja mifuko ya plastiki nene, inayolazwa chini ya viti na kujazwa maji ya ziwa kwa pampu. Lita moja ni kilo moja, hivyo mfuko wa lita 300 ni sawa na kupakia watu wanne au watano ambao hawasemi neno. Jioni maji humwagwa, boti ikarudi nyumbani nyepesi.

Ziwa Nyasa hakuna anayelipia wimbi. Mwera hulitoa bure. Lakini fundi yeyote wa pancha pale Tukuyu akikabidhiwa mfuko wa namna hiyo unaovuja, hatahitaji kuelezwa mengi.

Mtazame kazini. Kibanda cha mabati pembeni mwa barabara, mvua inanyesha kama kawaida ya mji huu ambao ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote nchini. Pikipiki imelazwa, tairi limefunguliwa, mpira wa ndani umejazwa upepo. Mbele yake pana karai la maji ya matope. Anauzamisha mpira kipande kwa kipande, akiuzungusha kama anayehesabu tasbihi, mpaka uzi mwembamba wa mapovu upande kutoka mahali pasipoonekana kitu. Hapo huchomeka njiti ya kiberiti tunduni ili asipapoteze. Anautoa upepo, anaukausha kwa kitambaa, kisha karibu na jiko, kwa kuwa unyevu ndio adui wa kwanza wa gundi na Tukuyu haina uhaba wa unyevu. Anakwaruza kwa kipande cha kopo kilichotobolewa matundu kwa msumari, anapaka gundi pande zote mbili, halafu anafanya jambo linalowashinda wanagenzi: anasubiri. Gundi iliyopakwa na kubandikwa papo hapo haishiki. Ni lazima ikauke mpaka kidole kikigusa kinanata bila kulowa. Kiraka, kilichokatwa kutoka mpira wa zamani, hakina pembe; pembe ndiyo inayoanza kubanduka. Anakigonga kwa nyundo, anajaza upepo, anarudisha karaini. Maji yakitulia, kazi imekwisha.

Mfuko wa farumi hutibiwa kwa hatua hizo hizo, ila hauingii karaini. Hujazwa hewa mpaka ukaze, ukapakwa maji ya sabuni kwa brashi, mapovu yakaonyesha. Aghalabu hayatoki katikati ya kitambaa. Hutoka kwenye mdomo wa plastiki linakofungwa bomba, au kwenye mshono uliounganishwa kwa joto, au pale mfuko uliposuguana na kichwa cha skrubu ndani ya boti. Mingi hupasuliwa na papara ya mwenyewe: pampu imeachwa ikizunguka na mfuko umekwisha kujaa. Kuna mtego mmoja ambao fundi wa Tukuyu angeingia mara ya kwanza. Gundi ya pancha imetengenezwa kwa ajili ya mpira, haina urafiki na plastiki. Kiraka kingekaa siku mbili kisha kikaachia. Akikimbilia gundi ya mabomba ya maji, nayo hushika kweli lakini ikikauka hugeuka ngumu, mfuko ukijikunja inapasuka. Panatakiwa gundi ya plastiki laini, inayoyeyusha uso wa pande zote mbili na kuufanya mwili mmoja, kisha kitu kizito juu yake mpaka kesho yake. Fundi akipoteza viraka viwili vya kwanza, cha tatu kitadumu.

Mifuko hiyo imeleta pia uvujaji wa aina nyingine. Maji ya ziwa moja yakibaki mfukoni na kumwagwa kwenye ziwa jingine, hubeba mayai na mabuu ya viumbe visivyokuwa huko. Majimbo kadhaa ya Marekani hulazimisha mifuko na matangi yakaushwe kabla boti haijahama. Meli kubwa zina mkataba wake wa kimataifa kuhusu maji ya farumi, uliopitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika mwaka 2017. Kwa ziwa lenye mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na kwa nchi iliyokwisha kuona gugumaji likifunika kingo za Ziwa Viktoria, hilo si la kupuuzwa.

*

Meli za sasa za ncha ya kaskazini hazina ribiti. MV Ruvuma na MV Njombe, meli za mizigo za tani 1,000 kila moja, na MV Mbeya II ya abiria 200, iliyoanza kazi mwaka 2021, ziliundwa Itungi na kampuni ya Songoro ya Mwanza kwa kuchomelea bamba kwa bamba, na tope halikusubiri ziishe. Mto Kiwira na mito mingine inayoshuka kutoka Rungwe hubeba udongo wa mashamba ya vilimani na kuutandaza mlangoni mwa bandari, mpaka Itungi ikazidi kuwa na kina kifupi na kazi ikalazimika kuhamia bandari ya Kiwira. Farumi ambayo hakuna aliyeiomba, inayopakiwa na mvua ya Tukuyu kila masika.

Mitumbwi haina shida ya kina. Jumamosi huingia Lyulilo, karibu na Matema, ikitoka Ikombe na vijiji vingine vya Wakisi chini ya Milima ya Livingstone, ikiwa imepangwa vyungu kuanzia tezi hadi omo, vikubwa chini na vidogo ndani ya vikubwa, nyasi zikiwa zimesukumwa katikati visigongane. Wanawake waliovifinyanga hukaa juu yake, mmoja akiteka maji ya ngama kwa dumu la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Vyungu hivyo hupanda magari hadi soko la Tukuyu na Mbeya. Mtumbwi ukishapakuliwa huinuka, na ule mstari wa viraka vya bati uliokuwa majini asubuhi huonekana ukimeta. Mpiga kasia asiye na shehena ya kurudi nayo huokota mawe ufukweni, manne au matano, akayapanga sakafuni moja moja, mbali na ufa, ndipo akasukuma.